Injini Niliyoigeuza

Sina haja ya kuzungukazunguka. Shemeji yangu alikuwa futi arobaini chini ya ardhi, anavuta hewa iliyotoka kwenye mashine niliyoiunda kwa mikono yangu miwili, na hewa ile ilikuwa na moshi. Wapo wanaonisifu mpaka leo kwamba nilimwokoa. Waendelee, midomo ni yao. Mimi nimeamua kusema mambo yalivyokuwa, na nikishaanza sipendi kukatizwa.

Shemeji ni mchimba visima. Watu wanamwita Fuko, jina nililompa mimi mwaka aliomuoa dada yangu, kwa sababu sikuwahi kuona mtu mzima na akili zake anayeamka asubuhi, anakunywa chai, kisha anaingia shimoni kwa hiari. Nilidhani atakasirika. Akalipenda, mpaka akaliandika kwenye ndoo zake. Naye akanilipa kwa kuniita Cheche, kwa sababu nachomelea vyuma, na kwa sababu, anavyodai yeye, ukinigusa kidogo tu nawaka. Si kweli. Nawaka nikiambiwa upuuzi.

Kisima kikishapita futi thelathini, hewa ya chini inakuwa nzito. Ukishusha mshumaa unazimika, na mtu anatweta kama amebeba gunia. Ndiyo maana Fuko ana kompresa. Ni ya zamani, ya magurudumu mawili, tangi lake limepigwa rangi mara nyingi hadi limenenepa. Aliinunua kwa mziba pancha mmoja aliyekuwa anafunga kazi. Mpira mrefu unatoka kwenye tangi, unashuka kisimani, ncha yake Fuko anaifunga begani ili hewa impige usoni. Juu anakaa dada yangu kwenye kigoda, chini ya mwavuli, kamba ya mumewe mkononi. Akivuta mara moja anauliza, uko salama? Akijibiwa mara moja, yuko salama. Mara mbili, nipandishe. Wapo vibarua wawili wa kupandisha ndoo za udongo, lakini kamba ile hawaigusi. Fuko husema kamba inashikwa na mtu atakayelia kweli.

Basi mota ya umeme ya ile kompresa ikaungua, na wiki hiyo hiyo Fuko akapata kazi kwenye kiwanja ambacho nguzo za umeme hazijafika. Akaisukuma mashine mpaka gereji kwangu, jasho linamtoka.

"Shemeji Cheche, nitilie injini ya petroli kwenye hiki kibibi."

"Kibibi chako kitaweza kukimbia?"

"Kikishindwa nitakuletea wewe ukipulizie kwa mdomo. Pumzi unazo, tunazisikia kila siku."

Ndivyo tulivyo, hatuwezi kusalimiana bila kuchokozana. Nilikuwa na injini ndogo nzima kabisa, niliyoitoa kwenye pampu ya maji iliyopasuka. Nilifanya kazi siku mbili. Nikang'oa mota, nikachomelea bamba nene juu ya tangi, nikatoboa matundu marefu ili niweze kusogeza injini na kukaza mkanda. Injini ya petroli inakimbia kuliko mota, kwa hiyo nikaifunga puli ndogo, ili pampu isizungushwe ikafa. Nikaweka vali ya kupumua, tangi likijaa hewa imwagike nje na injini isisimame. Nikanyoosha mkanda kwa uzi uliotiwa chaki, kama alivyonifundisha marehemu baba. Kazi safi. Hata mpita njia angeona kwamba hapa pamepita fundi.

Halafu dada akaja kuijaribu, kwa sababu yeye ndiye atakayekuwa anaiwasha. Dada aliteguka bega la kulia alipoanguka ngazini, na tangu hapo haliko sawa. Nilivyokuwa nimeifunga injini, kamba ya kuwashia ilikuwa imeelekea ndani, juu ya tangi. Ilimbidi ainame, anyooshe mkono, avute kwa kujipinda. Alivuta mara moja akauma meno. Nilimuona.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Kesho utaivuta kama mtoto anavuta gari la bati."

Nikafungua bolti nne, nikaigeuza injini nyuma mbele, nikatengeneza bamba jingine la pembeni, mkanda ukarudi kwenye mstari. Sasa kamba ilitazama nje, usawa wa kiuno. Asubuhi dada aliivuta kwa mkono wa kushoto, amesimama wima, injini ikaitika mara ya kwanza. Akacheka, akanishika shavu kama zamani alipokuwa akinibeba mgongoni. Nilijisikia raha, sitaficha.

Lakini injini ukiigeuza, eksozi, lile bomba la kutolea moshi, nayo inageuka. Ikawa inatazama kichwa cha pampu, shubiri moja na nusu kutoka kwenye filta, pale pampu inapovutia hewa. Sikulifikiria jambo hilo hata dakika moja. Maisha yangu yote nimefunga kompresa za kujaza matairi na za kupulizia rangi. Tairi halina mapafu. Ukilijaza moshi linakaa kimya na gari linaondoka. Nilimfungia shemeji yangu kompresa ya matairi, basi, na tena nilikuwa najua fika kwamba anaivuta puani.

Siku ya kwanza kulikuwa na upepo. Nilikwenda kiwanjani kutazama kazi yangu, na niseme kweli, nilikwenda kusifiwa. Mwenye kiwanja, mstaafu mmoja mpenda maneno, alinisifu vya kutosha. Mchana Fuko akapandishwa, akakaa kwenye rundo la udongo, akafumba jicho moja.

"Hewa yako ina ladha, shemeji."

"Ladha gani?"

"Kama nimelamba sufuria iliyoungua. Na kichwa kinagonga."

Vibarua wakacheka. Mwenye kiwanja naye akacheka. Mimi damu ikanipanda. Mtu nimemfanyia kazi siku mbili, nimempa na injini yangu, halafu ananitia aibu mbele ya watu.

"Ni rangi ya eksozi inaungua," nikasema. "Kitu kipya kina harufu. Kesho itakwisha. Au unataka nikutilie na marashi?"

Akacheka na yeye, ingawa alikuwa anakandakanda paji la uso. Nikachukua begi langu nikaondoka.

Siku ya pili dada akanipigia simu saa nane mchana. Nilikuwa gereji, nachomelea geti.

"Cheche, njoo uitazame hii mashine. Mwenzio ametapika."

"Amekula nini?"

"Nilichokula mimi. Mbona mimi sijatapika?"

"Dada, mashine haina uwezo wa kumtapisha mtu. Mwambie apumzike. Umri ule na kuingia mashimoni, unategemea nini?"

"Anasema miguu inamlegea akiwa kule chini, anasinzia. Hebu njoo. Dakika tano tu."

Nikamwambia nina geti la mteja linasubiriwa. Geti lilikuwepo, hilo si uongo. Lakini mwenyewe alikuwa kasafiri, na lingeweza kusubiri wiki nzima. Sikutaka kwenda kwa sababu nilisikia uchungu. Nilikuwa naona kwamba mtu ananitafutia kosa kwenye kazi isiyo na kosa. Dada akasema haya, akakata. Hakubembeleza, na mimi nikarudi kwenye geti langu nikalichomelea vibaya, nikalirudia.

Siku ya tatu nilikwenda. Msidhani nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kuwaonyesha. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: nitawasha, nitauweka mpira puani mwangu mbele yao wote, nitavuta mpaka watosheke, kisha nitasubiri kuombwa radhi. Siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nilisikia injini yangu kabla sijafika kwenye kona, inanguruma vizuri, haikohoi, nikazidi kujiona nina haki.

Dada alikuwa amesimama. Yeye hasimami kazini, hukaa kigodani kutwa. Kamba ilikuwa mkononi na uso wake umebadilika.

"Nimevuta mara moja, hajajibu. Nimevuta tena."

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi. Ndoo ya mwisho ilipanda tupu."

Ana kioo kidogo cha kunyolea cha mumewe, anakitumia kurusha mwanga wa jua mpaka chini. Akakishika, ule mwanga ukawa unachezacheza ukutani mwa kisima hadi ukampata. Fuko alikuwa amekaa, miguu kainyoosha, kichwa kimeegemea ukuta. Mpira ulikuwa begani kwake, unampulizia usoni.

Nikasema nashuka. Vibarua wakanifunga kamba ya pili kiunoni. Hewa nitakayovuta mimi ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya mpira, kwa hiyo nikauchomoa kwenye tangi ule mrefu wa Fuko kwa kitambo kidogo, nisikie kama pumzi inatoka sawa. Nikaweka uso pale tangini hewa inapotokea. Nilijua papo hapo. Fundi gani asiyejua harufu ya eksozi? Nikageuka, nikaitazama mashine yangu, labda kwa mara ya kwanza tangu nilipoifunga. Bomba linatema, filta inameza. Karatasi ya filta ilikuwa imekuwa nyeusi upande mmoja, ule upande unaotazamana na eksozi.

Nikazima injini.

"Unamzimia hewa!" dada akapiga kelele.

"Inanipigia makelele, sisikii," nikamjibu.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza, na ulitoka wenyewe, bila hata kuusukuma.

Wachimba visima wana njia zao za zamani, za kabla ya mashine. Vibarua wakamwaga ndoo za maji kwenye ukuta wa kisima, maji yanaposhuka yanaburuta hewa safi. Dada akafunga mwavuli wake kwenye kamba, umefunguliwa, akawa anaushusha na kuupandisha, anaushusha na kuupandisha, kwa bega lile lile bovu, kufukuza hewa ya chini. Sikumwambia aache. Baada ya dakika chache nikashuka. Nilimkuta Fuko ana joto, anakoroma. Mashavu yake yalikuwa mekundumekundu kama mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Nikamfunga chini ya kwapa, nikavuta kamba mara mbili, akapanda akinidondoshea matope usoni. Kisha nikapandishwa mimi, na nilipofika juu mwenye kiwanja alinikumbatia.

Alitupeleka hospitali kwa gari lake. Njia nzima anasimulia kwenye simu: shemeji wa mtu ameingia kisimani bila hata kufikiri mara mbili, watu wa hivyo hawapo tena. Dada alikuwa nyuma na kichwa cha mumewe kwenye mapaja yake.

Daktari alikuwa mwembamba, mwenye haraka, lakini alituuliza vizuri. Akambana Fuko kifaa kidoleni, akakitazama, akaonekana kushangaa kidogo.

"Hiki kinasema ana hewa ya kutosha. Na rangi yake si mbaya. Kule chini alikuwa anavuta nini? Kulikuwa na moshi wowote? Injini, jenereta, mkaa?"

Dada akanigeukia mimi. Mambo ya mashine ni yangu, hata nyumbani redio ikiharibika husema muulizeni Cheche. Akanigeukia bila shaka yoyote, anasubiri nijibu.

"Ni hewa mbaya ya kisima," nikasema. "Injini iko juu kabisa, mbali."

Daktari akaandika. Akasema basi ameshatolewa, atazinduka polepole, wamwekee maji ya mshipani na wamwangalie. Mitungi ya oksijeni ilikuwa miwili tu siku hiyo na yote ilikuwa na watu. Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nikakaa kwenye benchi la korido. Ukutani mbele yangu kulikuwa na saa kubwa. Nataka mnielewe, sikukaa pale bila kujua. Nilijua kwamba daktari ameuliza kitu cha maana. Nilijua kwamba moshi na hewa mbaya havitibiwi kwa dawa moja, vinginevyo asingeuliza. Nilichokuwa nafanya ni kuhesabu watu wangapi watajua. Vibarua watajua. Mwenye kiwanja, yule na simu yake, atajua. Wateja wangu. Dada. Nikawa najiambia subiri kidogo, labda atazinduka mwenyewe, na akizinduka hakutakuwa na haja ya mtu kujua lolote, nitaichukua mashine kimyakimya, nitaongeza bomba la eksozi mita tatu, nikiulizwa nitasema nimepunguza kelele. Hata hilo jibu nilikuwa nimeshaliandaa.

Watu waliopita walinipa pole. Dada akatoka chumbani, akaenda mahali, akarudi na kikombe cha maji. Akakiweka mkononi mwangu.

"Kunywa. Hujatia kitu mdomoni. Bila wewe leo ningekuwa natafuta sanda." Akanishika kichwa. "Mungu akulipe, mdogo wangu."

Sikuweza kuyanywa. Nilikiweka kikombe chini, nikainuka, nikamtafuta daktari kila mlango mpaka nikampata.

"Nilikudanganya. Ni moshi. Moshi wa injini ya petroli, ulikuwa unaingia moja kwa moja kwenye hewa yake."

"Kwa muda gani?"

"Siku tatu."

Hakunitukana. Angenitukana ningeshukuru. Alipita mbele yangu mbio, akaita wauguzi, akaamuru mtungi uondolewe kwa mgonjwa aliyekuwa na nafuu, na barakoa ikafungwa usoni mwa Fuko. Akasema kile kifaa cha kidoleni hudanganyika na moshi, huona damu nyekundu kikadhani kila kitu ni sawa. Alisema huku akitazama saa yake ya mkononi. Mimi niliitazama ile ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika arobaini.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

Fuko alizinduka alfajiri. Alikaa hospitali siku tisa. Maneno yalirudi, ingawa mengine anayatafuta sana mpaka mkewe amtajie. Mkono wa kulia haukurudi sawa. Unatetemeka, na vidole havishiki. Daktari alisema huenda ukapata nafuu, huenda usipate, na kwamba kwenye mambo ya moshi kila dakika ina uzito wake. Hakuniangalia aliposema hivyo.

Nilikwenda kumuona nyumbani wiki ya tatu. Nilijilazimisha. Alikuwa amekaa sebuleni kwenye kochi, mto mgongoni. Dada alikuwa mezani anakunja nguo. Aliitikia salamu yangu, basi.

"Karibu, mpika moshi," Fuko akasema. Anaongea taratibu siku hizi. "Dada yako kaniambia. Uliigeuza injini kwa ajili ya bega lake."

"Niliigeuza. Sikuangalia eksozi."

"Na nilikwambia kichwa kinagonga."

"Uliniambia. Dada naye aliniambia. Sikuja kutazama. Nilikuwa na hasira zangu za kijinga."

Akatikisa kichwa, akaanza kucheka, kicheko cha kukatikakatika.

"Wewe bwana. Mimi nimeshachimba visima vitatu vikavu. Watu wamenilisha wiki nzima, wananitegemea, nawaachia shimo. Wakanisamehe. Fundi anakosea. Igeuze hiyo eksozi, huu mkono ukikaa sawa turudi kazini." Akainamia meza kuchukua chai yake, kwa mikono miwili, na bado ikamwagikia mapajani. "Na ulishuka kunitoa. Hilo silisahau."

Dada aliacha kukunja nguo. Akanitazama. Nikaelewa kwamba amemwambia kila kitu isipokuwa kimoja, na kwamba hicho hakuwa na nia ya kukisema kwa niaba yangu.

Ningeweza kunyamaza. Shemeji yangu alikuwa ameshanisamehe, anacheka, chai imemlowesha suruali na bado anacheka.

"Kuna jingine," nikasema. "Daktari aliuliza kama kulikuwa na moshi. Aliuliza mapema, tulipofika tu. Nikamwambia hapana."

"Hukujua."

"Nilijua. Nilijua tangu nikiwa kisimani. Nilimwambia hapana, ndiyo maana hawakukuwekea oksijeni. Nilikuja kumwambia ukweli baadaye."

Kicheko kilikwisha. Alijaribu kukiweka kikombe mezani, kikagonga ukingo, dada akakipokea.

"Baada ya muda gani?"

"Dakika arobaini."

"Ulikuwa wapi dakika arobaini?"

"Kwenye benchi. Nje ya mlango wako."

Fuko alitazama mkono wake wa kulia uliokuwa ukicheza peke yake juu ya goti. Akauwekea wa kushoto juu, kuutuliza. Kisha akamgeukia mkewe, na sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu anayetaka tu kuelewa.

"Na wewe, mama, ulikuwa wapi?"

Dada alikuwa bado amekishika kile kikombe.

"Nilikwenda kumtafutia yeye maji ya kunywa," akasema. "Nilikuwa namshukuru."